Dizeli ya Mafuta ya Maandazi

Mimi sinunui kitu kwa bei ya kwanza, na ndicho kilichoniponza.

Nilijifunza kwamba mafuta ya kupikia yakichanganywa na spiriti kali na kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, huwa dizeli. Nikamwahidi Mama Salma, mwenye mashine ya kusaga hapa Mkunya, kwamba nitamlishia mashine yake msimu mzima. Kwa kuniamini, hakununua dizeli.

Mafuta machakavu niliyapata kwa wapika maandazi. Spiriti nikaifuata kwa Bibi Rosalia, mpika nipa, ile pombe kali ya mabibo. Nikamshusha bei. Nikaonja, kali. Nikaenda kuleta dumu, nikarudi nikamshusha tena; akakubali, akanijazia, nami nikaenda kuchanganya.

Siku ya majaribio kina mama walijipanga na makopa yao ya muhogo. Nikainamisha dumu la dizeli yangu kwenye mashine kwa mbwembwe. Hakikutoka kitu. Nikalitikisa, likadondoka bonge la ute lenye povu.

“Baba Hamisi, hii si sabuni?” akauliza Mama Salma. “Na watu wale nini leo?”

“Shemeji, haiwezi kuwa sabuni, labda spiriti iwe na maji!”

Bibi Rosalia, naye kwenye foleni, akajitwisha upya makopa yake.

“Mjukuu wangu, bei uliishusha mara mbili. Mara ya pili ulidhani nimeishusha kwa nini?”