Upande wa Kifo

Juzi sokoni Mahoko wauza viazi wawili walikuwa wakitukanana kwa vina, nikasahau bei niliyokuwa naibishania. Anayenijua atakuambia hilo si jambo dogo. Kimawazo nilikuwa nimerudi Gisenyi ya miaka ya hamsini, kando ya ziwa, kwa fundi cherehani wetu, Mbengali kutoka Bara Hindi.

Kwao, alisema, kutukanana hivyo kulikuwa ufundi: washairi wawili, ngoma moja, kila mmoja anavuta kijiti kujua upande atakaoutetea, kisha anatunga papo hapo. Ngoma ikikoma hujajibu, umeshindwa. Aliufundisha mtaa mzima. Jumapili, vidole vikinuka mafuta ya cherehani, alipambana na nyanya yangu, muuza samaki wa mwaloni Rubona, ambaye hata samaki waliokufa walimwogopa.

Siku moja nyanya alivuta Uhai, fundi akavuta Kifo. Akaimba:

*Mimi Kifo sina hodi, mulango kwangu ni wazi,*
*mutoto nikimubeba, namupunguzia kazi.*

Tulicheka hadi machozi. Nyanya akamtupia samaki mnono: "Kula, we muchawi wa maneno!"

Wiki haikuisha, homa ikamchukua mdogo wangu, aliyekuwa bado anatambaa. Kwao fundi, upande ni upande tu wa mchezo. Kwetu ukitaja kitu, umekiita. "Alimuita," majirani wakasema. Wateja wakachukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Mama akachoma kaptura ambayo fundi alimshonea mtoto.

Nyanya ndiye aliyekataa kuamini hivyo. Alimfuata kibandani.

"Fundi, wanataka kukufukuza. Jumapili we chukua Uhai, mi nitachukua Kifo. Unishinde mbele yao, bon, iishe."

"Mama, uko na matanga."

"Matanga ni yangu. We leta sauti."

Jumapili hiyo nyanya aliimba Kifo kwa macho makavu, akauliza: Uhai, una nini cha kumpa aliyebaki mikono mitupu? Ngoma ikaendelea, ikimsubiri. Fundi akafungua kinywa, na hapo akamwona mama yangu mbele yake, kitenge cha kubebea mtoto bado kakifunga mgongoni, hakina kitu. Akafunga kinywa. Ngoma ikakoma.

Mimi katika kimya chake niliona huruma. Mtaa uliona kukiri kosa.

"Munaona? Amenyamaza!"

Kesho yake alipanda mashua pale Rubona na cherehani yake. Tulisikia baadaye kwamba alifia ng'ambo ya ziwa, na kwamba huko hakuna aliyejua kama aliwahi kuimba.

Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuvuta kijiti, asije akaangukiwa na Kifo. Uhai ukakosa wa kubishana naye, mchezo ukaisha, na waliocheka nami wengi wao wameshazikwa. Maana Kifo chenyewe kiliendelea kuja mtaani kwetu, bila mtu wa kukiimbia.