Mubirizi wa Mama na Chupa ya Mwisho

Mara tatu mchanganyiko wangu uligeuka mweupe kama uji, na mara tatu nilitamani kuipiga chupa ukutani. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni Mbarara, nikitengeneza chembechembe za fedha, yale madini ya pete, ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, za kuua bakteria wa vidonda. Badala ya kemikali kali nilitumia majani yaliyochemshwa ya mubirizi, kile kichaka kichungu cha dawa. Maji yake yakikutana na nitrati ya fedha, rangi inatakiwa igeuke kahawia. Yangu, wapi!

Fundi wa maabara alinionyesha chupa ya nitrati. "Nyabo," akaniita kwa heshima, "imebaki ya mara moja tu. Ukiharibu hii, hakuna ingine." Bila matokeo, nisingehitimu.

Nililaumu maji. Nililaumu vyombo, nikaviosha mpaka vidole vikachubuka. Mwishowe nikapanda gari mpaka Kabingo, halafu boda hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa mama, ambaye ndiye aliyekuwa akinichumia na kunikaushia majani.

Nikamkuta anayaosha kwenye beseni. Pembeni, pakiti ya chumvi.

"Mama! Unatia chumvi?"

"Sasa? Si njo inaua badudu," akajibu kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo njo ni ndiyo.

Jamani! Chumvi na ile fedha haviivi chungu kimoja. Vikikutana tu, fedha inaganda nyeupe na kazi imekwisha. Miezi miwili nahangaika, kumbe ni mama yangu mzazi! Nikafoka. Nani alikutuma? Kwa nini huulizi? Nilisema mengi, na mengine hayakufaa kuambiwa mama.

Akajifuta mikono. "Wakati tulifika Kabazana, pale banapokea bakimbizi, ulikuwa na upele mwili muzima. Ku foleni bantu bakasogea mbali na siye. Nikasema, kitu yenye inatoka mu mikono yangu haitaenda tena mbele ya bantu ikiwa chafu. Na hii inaenda mbele ya baprofesa."

Hasira ilikuwa bado ipo. Nikachuma mwenyewe, nikayasuuza kwa maji ya mvua matupu. Mama hakutaka hata kutazama.

Kesho yake, maabarani, mchanganyiko ukaanza kuwa wa njano, kisha ukawa kahawia iliyoiva. Nilipiga yowe, nikampigia simu palepale.

"Mama, imekubali! Imekuwa kahawia!"

"Kahawia? Sawa vile maji ya matope?"

"Ndiyo, njo vizuri hivyo!"

Akasema, "Basi usibaambie majani ilitoka kwa mama yako."