Kichwa Kaskazini

Madaktari wa Guangzhou walipotuambia kwamba ini la kaka yangu limeshindwa kabisa, hakulia. Aliuliza ndege ya kwanza ni lini. Alitaka kitu kimoja tu: afike Dar es Salaam akiwa hai, mama amwone akiingia mlangoni kwa miguu yake mwenyewe.

Ndege ilikuwa bado, na hoteli yetu ya Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika kama sisi, haikuwa mahali pa mgonjwa. Kutwa kucha watu walikuwa wanafunga mizigo koridoni, selotepu inachanwa masikioni mwetu, na lifti imekufa. Tajiri mmoja wa soko la nguo la Liuhua, ambaye kaka alianza kununua mashati kwake tangu duka lake likiwa kibanda, akaja na gari kutuchukua. Alitupeleka magharibi, kwenye mitaa ya zamani, katika nyumba ndogo ya wageni ya Kijapani, akasema sisi ni wageni wake, tusiulize bei. Kwa hasira nilizokuwa nazo siku zile, nilimshuku hata yeye.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mfanyabiashara wa enzi zilizopita, nyembamba na ndefu, ya matofali ya kijivu, na madirisha yake yana vioo vya rangi. Mama mmoja wa Kijapani, mjane wa Mchina wa mji ule, alikuwa ameikarabati akabakiza vyumba vichache vya watu wenye uwezo. Viatu tulivua mlangoni, kama kwetu. Sakafuni kulikuwa na mikeka minene iliyonukia majani makavu, milango ilikuwa ya karatasi, ya kusukuma, na beseni la mbao la kuogea lilijaa maji ya moto hadi shingoni. Vitanda havikuwapo. Magodoro yalishinda kabatini, na jioni mama mwenye nyumba alipiga magoti mwenyewe akatandika, akinyoosha shuka kwa kiganja.

“Mdogo wangu,” kaka aliniambia, “humu ukimwambia mtu tai gui, atazimia.”

Tai gui, ghali mno, ndilo neno tulilokuwa tukishinda nalo sokoni. Sikucheka. Nilikuwa nimeukasirikia hata uzuri wa nyumba ile. Nilijiuliza unamsaidia nini mtu anayekufa.

Jioni ya kwanza nilitoa dira yangu ya kibla, ambayo kule iko magharibi. Nikaona yule mama ameweka mto upande wa mashariki, kwa hiyo miguu ya kaka ingeelekea kibla moja kwa moja. Nilichukia. Alipotoka niligeuza godoro, mto nikauweka kaskazini, ili kaka akilalia ubavu wa kulia uso wake uelekee kibla. Yule mama alirudi na chai. Alipoona nilichofanya uso ulimbadilika, akaweka sinia chini, akasema na kaka kwa sauti ya chini. Kaka alikijua Kichina vizuri, kwani ujanani alipelekwa huko kusomea mambo ya reli kabla hajaingia kwenye biashara.

“Anasemaje?” nikamuuliza.

“Anasema chai itapoa.”

Nilipotoka kuoga, mto ulikuwa umerudi mashariki.

Ikawa ndiyo kazi yetu kila jioni. Yeye anatandika, mimi nageuza, nikitoka anageuza tena. Lugha ya kugombana hatukuwa nayo, basi tuligombana kwa godoro. Mimi nilimwona mtu mwenye mali yake, anayetaka kila kitu kikae atakavyo yeye. Asubuhi alimletea kaka uji wa mchele na samaki wa kuchoma, akimtoa samaki miiba kwa vijiti vyake, akingoja kwa subira mpaka ameze. Hilo nalo nililiona, nikajifanya sikuliona.

Jioni ya mwisho kabla ya safari tulikutana juu ya godoro. Yeye ameshika ncha moja, mimi nyingine, wote tumepiga magoti, kila mtu anavuta kwake. Alikuwa na umbo dogo, lakini hakuachia. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikasikia kaka anacheka pale alipoegemea ukuta, mpaka kikohozi kikamkatiza.

“Mwachie,” akasema.

“Kaka, miguu ielekee kibla?”

“Kwao anayelazwa kichwa kaskazini ni maiti. Alinieleza siku ile ile tuliyofika. Anasema mgeni wake hajafa, na yeye hawezi kumtandikia hivyo.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilidhani utachoka mwenyewe.” Akafuta mdomo kwa kiganja. “Mdogo wangu, miaka yote hii tunalala kwenye hoteli za Xiaobei. Ni lini uliwahi kutafuta kibla kwa ajili ya kitanda changu?”

Nilikuwa naye kila saa, nampangusa jasho, namlisha, na moyoni nilikuwa nimeshamzika. Naye alikuwa anajua. Iliniuma mno. Niliachia ile ncha, na mama akamalizia kutandika peke yake.

Asubuhi kaka aliamka, akanywa uji wake, tukaenda uwanja wa ndege. Dar es Salaam, kwenye mlango wa nyumbani, aliniambia niutoe mkono wangu begani kwake. Akaingia akitembea, polepole, na mama akamwona.

Aliishi mpaka mvua za masika zilipoanza. Siku hali ilipokuwa mbaya kabisa, shangazi alisema wakati umefika, tumwelekeze kibla. Kila mtu alikubali, hata mama. Mimi nilikataa. Nilisimama mbele ya kitanda nikasema bado anapumua, asiguswe na mtu.

Kaka akafumbua macho. Hakumtazama shangazi wala mama, alinitazama mimi.

“Sasa, mdogo wangu,” akasema. “Nigeuze.”

Nikamgeuza.