Salome Alivyotolewa Kwenye Picha

Kazi ya Febronia pale steshenari ya Gregory ilikuwa kuwavalisha wafu suti. Mwanaume ameishi na kaptula ya matope miaka yote, siku akifa ndugu wanaleta picha ya simu, Febronia anamkata shingo, anampachika suti nyeusi na tai, anamwekea mawingu nyuma, na wote wanasema marehemu katoka vizuri. Kharumwa nzima ilijua kazi yake. Alikuwa ametoka Ushirombo na cheti cha kompyuta tu, hana ndugu hapa, na aliyempokea, akamlaza kwake mpaka alipopata chumba cha kupanga, alikuwa dada Salome.

Salome aliishi na Nkwabi, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu na wachimbaji wake. Waliishi mume na mke miaka mingi bila cheti, kama nusu ya nyumba za pale. Mtoto hawakujaliwa. Salome ndiye aliyewapikia wachimbaji, na maji yalipojaa shimoni akauza ng'ombe aliopewa na baba yake ili pampu inunuliwe. Basi Nkwabi akaugua kifua ghafla, akafa, na mwili ukiwa bado mochwari mdogo wake Ndaki alishafika kutoka Kagongwa. Huyo hakuja kulia.

Aliingia steshenari na fremu mkononi. Febronia aliitambua palepale, maana ilikuwa ikining'inia sebuleni kwa Salome. Picha ya zamani, ya karatasi. Nkwabi amesimama nyuma, na mbele yake wameketi mama yake mzazi, marehemu Limi, pamoja na Salome, uani kwao Kagongwa siku Salome alipopelekwa ukweni. Mama mkwe kamshika mkwewe mkono, wote wawili wanacheka.

"Shikamoo," Febronia akasema.

"Marahaba. Nataka bango la msiba, binti. Kaka yangu na mama yangu. Huyu mwanamke mtoe."

"Huyu si mkewe?"

"Alikuwa mpishi wa duarani. Mtoe, gari linasubiri."

Najua unachosema moyoni, kwamba wewe ungekataa. Haya, hongera. Febronia alikuwa na Gregory amesimama nyuma ya kiti chake, na Gregory hajawahi kumkatalia mteja wa msiba tangu afungue lile duka. Kukataa kulikuwa kumwaga unga.

Akaiskani picha, ikaingia moja kwa moja kwenye programu ya kudizaini, bila kusevu popote. Kompyuta ile ilikuwa imejaa pomoni na sheria ya Gregory ilikuwa moja: chapa, funga, usijaze mashine. Febronia akaanza na kichwa cha Salome, akashuka mabegani, akafuta gauni, akaziba pengo kwa ukuta wa nyumba. Kilichomtesa ni mkono. Vidole vya mama mkwe vilikuwa vimeuzunguka mkono wa Salome, na mwenye mkono akishaondoka vidole vilibaki vimeshika hewa. Ikabidi amchoree yule bibi mkono mwingine na kumlalishia gotini kwake mwenyewe.

Anamalizia kidole cha mwisho, programu ikaganda. Kioo kikawa cheupe, kisha ikajifunga yenyewe. Ndaki akasonya. Febronia akaifungua upya, nayo ikamuuliza kama anataka kurudishiwa kazi ambayo hakuisevu. Akabonyeza ndiyo.

Salome akarudi. Wote walirudi, picha nzima kama ilivyotoka kwenye skana, Salome na meno yake nje, mkono wake ndani ya mkono wa mama mkwe. Febronia alifurahi, tuseme ukweli. Alifurahi kama mtu aliyesamehewa. Kuisevu pale ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja tu, au angesema mashine imegoma, na nani angembishia?

"Mbona huyu karudi?" Ndaki akauliza.

"Atatoka tena, mzee, usijali," Gregory akajibu.

Na akatoka tena. Safari hii hakuchukua muda, kwa sababu mkono wa Febronia ulikuwa umeshajua njia, na mpaka leo hilo ndilo linalomuuma kuliko yote. Akachapa. Programu ikamuuliza kama itunze ile kazi, akabonyeza hapana, kama alivyobonyeza kila siku ya Mungu. Ndaki akakunja bango, akachukua na fremu.

"Wabeja, binti," akamshukuru.

Baada ya mazishi Salome alikuja steshenari na kanga yake ya msiba, macho yamevimba. Ndaki alimtaka atoke kwenye nyumba. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa tayari kumwandikia barua ya kumtambua kama mjane, aende nayo mahakamani, ila alitaka kitu cha kuonyesha kwamba ukoo ulimjua. Wachimbaji walijua kila kitu, lakini sasa wanakula kwa Ndaki, na midomo wameifunga. Na fremu? Ndaki aliapa hajawahi kuiona.

"Mdogo wangu, ile picha ilipita kwako," Salome akasema. "Unayo?"

Hakumlaumu hata kidogo. Angemtukana, Febronia angepumua.

Febronia akatafuta. Sehemu ambayo programu huficha kazi za kuokolewa ilikuwa tupu, kwa kuwa ukishasema hapana, nayo inafuta. Akapakua kwa bando lake programu nyingine ya kufukua vilivyofutwa, akaiacha ihangaike. Ikafukua kadi za harusi, vyeti vya ubatizo, wafu wasio na shingo. Ya Salome ilipatikana ukanda wa juu tu, bati la nyumba na nywele za Nkwabi, na kutoka hapo kwenda chini ni rangi ya majivu. Mabango mengine aliyotengeneza tangu siku ile yalikuwa yameikalia.

"Si wewe uliyenitoa?" Salome akasema. "Basi nirudishe."

"Itakuwa ya kutengeneza, dada."

"Kwani sikuwepo?"

Febronia akachukua simu yake. Akaenda kulipiga picha bango lililokuwa bado limefungwa getini kwa marehemu, kisha akamweka Salome kwenye kiti cha plastiki, akampiga naye. Akamwambia acheke. Salome alijaribu, ikashindikana, mjane wa wiki mbili utamchekeshaje? Akampachika hivyohivyo na uso wake wa msiba, mzee kuliko mama mkwe, na ule mkono wa bibi akauchora mara ya tatu, ukimshika.

Kikao kilikaa kwa mwenyekiti, watu wakajaa. Salome akatoa picha yake. Ndaki akaichukua, akaitazama, akacheka kwa dharau.

"Mwenyekiti, hii kazi ya steshenari. Huyo binti anawavalisha suti watu waliozikwa bila viatu. Ukimlipa anakuweka hata wewe umekumbatiana na simba."

Watu wakacheka, tena wale waliokula ugali wa Salome ndio waliocheka zaidi. Mwenyekiti akamwita Febronia mbele.

"Hii picha umeitengeneza wewe?"

"Nilimtoa mwenyewe, mwenyekiti, ndiyo maana nikamrudisha. Ya kweli ilikuwepo. Ndaki ndiye aliyeileta, kwenye fremu, akaniambia nimtoe."

"Wamesikia wote," Ndaki akasema taratibu. "Anatoa watu, anaweka watu. Tuamini lipi?"

Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, na wema wake haukusaidia kitu. Akamgeukia tena Febronia. "Binti, nijibu swali langu. Hii niliyoshika ni ya kutengeneza, au siyo?"

Febronia akamtazama Salome, lakini Salome alikuwa anatazama chini.

"Ni ya kutengeneza," akasema.

Mwenyekiti akairudisha picha mezani, akafunika kalamu yake. Salome akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Basi niruhusiwe nikachukue masufuria yangu," akasema.

"Achukue," Ndaki akajibu. "Masufuria ni ya mpishi."