Fundi Punguza na Dawati la Shirikisho

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na fundi amelipindua dawati jipya miguu juu. Vanishi ingali inanukia, na muhuri wa Shirikisho bado unang'aa ubavuni. Anaweka alama kwa penseli, anashika msumeno, anapunguza miguu yote minne.

"Wiki iliyopita niliwauzia likiwa refu," anasema bila kuinua macho. "Jana shule imelirudisha nilifupishe. Nalipwa mara mbili kwa kazi moja. Sasa hiyo ni akili?"

Kimo cha dawati kiliamuliwa na baraza la Shirikisho, kipimo kimoja kwa nchi zote. Bila kipimo hicho mkaguzi hagongi muhuri, na bila muhuri shule haziruhusiwi kununua. Watoto wa darasa la kwanza wakikaa, miguu inaning'inia. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Punguza.

Jumapili kuna kura ya nchi kubaki katika Shirikisho au kutoka. Fundi atapiga ya kutoka, na wala hafichi.

"Majirani tuuziane, basi. Mbao zao zije bila ushuru, madawati yangu yaende bila ushuru. Lakini kunipangia kimo cha mtoto wangu? Kila mtu na chungu chake jikoni, sokoni tutakutana."

Mkewe, anayepiga msasa pembeni, anaguna. Yeye ni mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, na mbao zote za karakana hii hutoka kwa kaka yake huko.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," anasema. "Leo mbao za kaka zinapita bure kwa sababu tuko pamoja. Mkitoka, nani kakuahidi mlango utabaki wazi? Hao mnaowaacha watawanunia."

Ushuru ukirudi, Fundi anakiri, bei ya mbao itapanda kwa karibu theluthi, na karakana haitamaliza mwaka. Hilo linamtia hofu kweli.

"Shemeji hawezi kuninunia," anasema. "Serikali yake, sijui."

Hata hivyo ameshaweka kando mbao za dawati fupi, la kwanza analotarajia kuuza pande zote mbili za mpaka: hapa kwa shule, ng'ambo kwa wazazi wasiodaiwa muhuri. "Nataka kutengeneza kitu mara moja tu, kitoshe."

Jumapili wataongozana kituoni, kila mmoja na kura yake. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Mke anainama, anaokota vipande vya miguu vilivyokatwa, anavitia jikoni chini ya sufuria ya chai.

"Ukishinda," anamwambia mumewe, "kuni utanitafutia wewe."