Kikombe Nilichokipitisha kwa Pua

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa aproni nyeupe, kijiko, na onyo. "Miezi mitatu ya majaribio," alisema Mwonjaji Mkuu wa kampuni ile ya chai. "Ulimi ukikosea, unakwenda zako." Mimi na mama tulikuwa hatujakaa sana London tangu tuyakimbie Mapinduzi. Tulipanga chumba kimoja Kilburn, na mshahara ule ndio uliokuwa tegemeo letu. Basi kila asubuhi niliingia kazini roho juu.

Kazi yenyewe nyinyi vijana mtaiona mchezo. Majani hupimwa, hutiwa maji ya moto, husubiriwa dakika sita. Kisha unavuta kijiko kwa kishindo hadi chai ipige kaakaa, unaitema, unataja neno. Neno lililonitesa ni bitter, yaani chungu. Waingereza wamelitwisha mizigo: baridi ya Januari ni bitter, bia ya baa ni bitter, mtu mwenye kinyongo naye ni bitter. Siku moja Mwonjaji Mkuu aliniuliza kama sisi wakimbizi tuko bitter. Nikajibu, "Kidogo, bwana," nikaona haya. Kwenye kikombe ndiyo ilikuwa balaa, maana alitaka nimwambie ni bitter gani: ya majani yaliyoungua, au ule ukakasi unaokaza ulimi kama ndizi mbichi. Chai yenye ukakasi inauzika. Iliyoungua haiuziki.

Ikaingia Ramadhani. Sikumwambia mtu. Nilijitolea fatwa mwenyewe: nikanusa, nikatazama rangi, nikajifanya navuta kijiko, nikaandika kwamba chai ni safi. Siku ya nne Mwonjaji Mkuu alivirudia vikombe vyangu. Akatema, akaniita.

"Hii imeungua. Uliionja?"

Nikakiweka kijiko mezani. "Niliinusa, bwana. Nimefunga."

Alikisukuma kikombe kando. "Ungeniambia, ningekupa kazi nyingine mwezi huu. Mwonjaji anayekisia simtaki. Kesho uniletee jibu: unaonja au huonji?"

Nyumbani mama alinisikiliza huku akikoroga uji wa futari. "Wewe mtoto! Kwani mpishi haonji chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema? Usimeze tu. Kuuliza si ujinga, ungeniuliza."

Kesho yake nilionja, nikatema, nikasukutua mara tatu kwa hofu. Nilibaki mle mpaka kustaafu, na sikukisia tena kikombe hata kimoja.

Mpaka juzi. Daktari alishaniambia kwamba uzee hula hata ulimi, sikumwamini. Mjukuu wangu aliniletea chai aliyoipika mwenyewe, akanikazia macho.

"Is it too bitter, Bibi?"

Nikavuta funda. Sikupata ladha yoyote, maji ya moto tu. Nikaitazama rangi, nikainusa.

"Imetoka vizuri, mwanangu," nikamwambia, kama nilivyoandika Ramadhani ile.