Keziya Augonga Ukulele

Keziya ameuza vyungu hapa Lyulilo miaka thelathini, na mimi hupanga vyangu kando ya vyake. Mteja akichagua chungu, Keziya hukinyanyua kwa ncha za vidole na kukigonga. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hukoroma, na hicho hauzi hata umbembeleze vipi. Ila ukikibana chungu kizima kwa kiganja, nacho hukoroma. Kila muuza vyungu anajua hilo.

Ukulele wake, gitaa dogo la nyuzi nne, aliupata kwa mfanyabiashara wa Malawi kwa kubadilishana na vyungu sita. Ameupigia kwaya mpaka rangi imebanduka. Mwaka huu vidole vimekakamaa, hawezi tena kubonyeza nyuzi, akatangaza kuwa anauuza.

"Kitu kisicholia ni kuni tu," aliniambia kwa hasira.

Jumamosi akaja Hebroni, mwalimu wa kwaya kutoka Makwale, na mfuko wa kuubebea.

"Ngoja kwanza niugonge," Keziya akasema, akaupakata.

Akaugonga. Ukakoroma.

"Una ufa, mwanangu. Siuzi."

"Mama, nitauchukua hivyo hivyo na ufa wake."

"Chenye ufa siuzi! Soko zima linajua, wewe hujui?"

Hebroni akasema ndaga, akashukuru hivyo kwa adabu, akaondoka na mfuko mtupu.

Mimi niliinamia vyungu vyangu, nikaendelea kuvipanga. Kiganja cha kushoto cha Keziya kilikuwa bado kimeubana mgongo wa ukulele.